Mittelholzer: Rubani aliyeleta jicho la vita juu ya Kilimanjaro na Meru

Na Mwandishi Wetu, Arusha

JANUARI 8, 1930, ndege ya injini tatu aina ya Fokker ilipita juu ya kilele cha Kibo, mita 5,895 kutoka usawa wa bahari. Ndani yake alikuwamo Walter Mittelholzer, raia wa Uswisi mwenye umri wa miaka 35, rubani na mpiga picha. Kwa kitendo hicho anatajwa kuwa mtu wa kwanza kuuruka mlima Kilimanjaro kwa ndege.

Katika safari hiyohiyo alielekeza kamera yake kwenye Mlima Meru pia. Picha hizo, zilizopigwa kwenye vioo vyenye dawa kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule, ni miongoni mwa picha za mwanzo kabisa zinazoonyesha milima yetu miwili jinsi inavyoonekana kutoka angani.

Kwao Uswisi, Mittelholzer alikuwa mtu mashuhuri kuliko marubani wote wa zama zake. Vitabu vyake viligombewa, filamu zake zilijaza kumbi, na mihadhara yake ilihudhuriwa na watu wa rika zote. Hapa Arusha na Moshi, ambako alipiga picha zilizompa sehemu kubwa ya sifa hizo, jina lake halifahamiki sana.

Maisha yake yanastahili kusimuliwa kwa sababu moja kubwa. Ufundi aliokuja nao juu ya milima hii ulikuwa umekuzwa na vita. Wakati wa vita, kazi ya kamera ya angani ilikuwa kutafuta mahali pa kupiga mabomu na kuhakikisha kama mabomu yamelenga shabaha.

Ufundi uliokuzwa na vita

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza Agosti 1914, ndege zilikuwa bado ni vyombo dhaifu vya mbao, waya na kitambaa. Majenerali walizituma hasa kwenda kuchungulia upande wa adui. Haikuchukua muda wakatambua kwamba macho ya rubani husahau na kukosea, lakini picha huweza kuwekwa mezani, ikapimwa kwa rula na kukaguliwa tena na tena.

Kufikia Machi 1915, katika mapigano ya Neuve Chapelle nchini Ufaransa, jeshi la Uingereza lilikuwa likitumia ramani za mahandaki ya Wajerumani zilizochorwa kutokana na picha za angani. Baada ya hapo kamera na bomu vikawa vitu viwili visivyotengana. Ndege moja ilipiga picha kabla ya shambulizi ili kuonyesha daraja, ghala au mzinga ulipo. Nyingine ilirudi baada ya shambulizi kupiga picha ya pili, na wataalamu wakalinganisha picha hizo mbili ili kujua kilichobomoka na kilichosalia.

Nchi yetu haikusalimika. Mwaka 1915, meli ya kivita ya Ujerumani, Königsberg, ilikuwa imejificha katika delta ya Mto Rufiji. Waingereza walitumia ndege kutoka Kisiwa cha Mafia kuitafuta, kuipiga picha na kisha kuelekeza mizinga ya meli zao. Iliangamia Julai 11 mwaka huo.

Mwanzoni mwa 1916 zamu ikawa ya kaskazini. Kikosi cha 26 cha ndege za Uingereza, ambacho kiini chake kilikuwa marubani wa Afrika Kusini, kiliwasili Mombasa mwishoni mwa Januari na kuweka kambi Mbuyuni, upande wa mashariki wa Kilimanjaro. Machi 1916, Jenerali Jan Smuts alipoanza kusonga mbele dhidi ya jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck, ndege hizo zilitangulia angani zikichungulia na kudondosha mabomu. Wakati huohuo kundi jingine la askari lilitoka Longido na kupita katika nyanda zilizo kati ya Meru na Kilimanjaro. Moshi ikaangukia mikononi mwa Waingereza katikati ya mwezi huo, na Arusha ikafuata.

Kwa hiyo ndege ya Mittelholzer ilipotokea miaka 14 baadaye, haikuwa mara ya kwanza kwa wazee wa sehemu hizi kusikia ngurumo ya injini mawinguni. Waliokuwa watu wazima mwaka 1916 walikwisha kujua kwamba chombo cha aina hiyo kinaweza kuangusha moto.

Mwanafunzi wa picha aingia jeshini

Walter Mittelholzer alizaliwa Aprili 2, 1894 katika mji wa St. Gallen, mashariki mwa Uswisi. Baba yake alikuwa mwoka mikate. Kijana huyo hakufuata kazi ya tanuri. Alikwenda kujifunza upigaji picha, kazi iliyokuwa na heshima na iliyohitaji subira, kwani kila picha ilipita katika dawa na chumba cha giza kabla ya kuonekana.

Uswisi haikupigana katika vita ile. Hata hivyo iliita askari wake kulinda mipaka, na mwaka 1914 ikaunda kikosi chake kidogo cha ndege ambacho makao yake yalikuja kuwa Dübendorf, karibu na Zürich. Kikosi hicho kilihitaji watu wa kushika kamera. Mwaka 1915 Mittelholzer alijiunga akiwa mpiga picha.

Kazi aliyojifunza pale ilikuwa ileile iliyokuwa ikifanywa na majeshi ya Ufaransa, Uingereza na Ujerumani ng'ambo ya mpaka. Tofauti ni kwamba yeye alipiga picha nchi yake mwenyewe: mabonde, reli, miji na safu za milima ya Alpi, kwa ajili ya ulinzi na uchoraji wa ramani. Alijifunza kupima kimo, kusubiri jua likae upande unaofaa ili vivuli vionyeshe umbo la ardhi, na kushika kamera nzito katika upepo mkali huku vidole vikifa ganzi kwa baridi.

Hakuridhika kukaa nyuma ya rubani. Mwaka 1917 alifuzu urubani, na tangu hapo akawa mtu mwenye taaluma mbili ambazo ni wachache walizikusanya pamoja.

Kutoka kambini hadi sokoni

Vita ilipokwisha Novemba 1918, Ulaya ilijaa marubani wasio na kazi na ndege zilizouzwa kwa bei ya kutupa. Mwaka 1919, Mittelholzer alishirikiana na rubani mwenzake, Alfred Comte, kuanzisha kampuni ndogo ya kusafirisha abiria na kuuza picha za angani. Mwaka uliofuata kampuni hiyo iliunganishwa na nyingine iliyoitwa Ad Astra Aero.

Biashara ya picha ilikuwa na faida kuliko ilivyodhaniwa. Wenye viwanda walitaka picha za viwanda vyao, wenye hoteli walitaka picha za hoteli zao, na halmashauri za miji zilitaka picha za miji yao. Kamera iliyozoea kutazama mji kama shabaha sasa iliutazama kama bidhaa.

Kazi hiyo ilikuwa na hatari zake. Mwaka 1922 Mittelholzer alianguka na ndege milimani na kujeruhiwa vibaya, ila alipona na kurejea angani.

Mwaka uliofuata alikwenda visiwa vya Spitsbergen, kaskazini ya mbali karibu na Ncha ya Dunia, katika msafara uliokusudiwa kumsaidia mvumbuzi wa Norway, Roald Amundsen. Amundsen aliahirisha mpango wake wa kuruka, lakini ndege iliyotumwa iliendelea na kazi, na Mittelholzer akarudi na picha za barafu ambazo hazijapata kuonekana. Kutokana na safari hiyo aliandika kitabu chake kilichotoka mwaka 1924. Kati ya mwaka 1924 na 1925 aliruka hadi Uajemi, ambayo leo ni Iran.

Hapo ndipo alipogundua njia ya kujikimu: kutafuta nchi ambayo wasomaji wa Ulaya hawajaiona kutoka angani, kuiruka, kuipiga picha, kisha kuandika kitabu, kutoa mihadhara na kuonyesha filamu.

Afrika kutoka kaskazini hadi kusini

Desemba 7, 1926 aliondoka Zürich kwa ndege ya Kijerumani aina ya Dornier Merkur iliyofungwa maboya badala ya magurudumu ili iweze kutua majini. Ndege hiyo ilipewa jina la nchi yake. Wenzake watatu walikuwa mwanajiolojia Arnold Heim, mwandishi René Gouzy na fundi wa injini, Hans Hartmann.

Uamuzi wa kutumia maboya ulikuwa wa busara. Viwanja vya ndege barani Afrika vilihesabika kwa vidole, ilhali mito na maziwa yalikuwapo tangu enzi. Msafara ulifuata Mto Nile, ukafika Ziwa Victoria, ukaendelea Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, kisha pwani ya Bahari ya Hindi hadi Cape Town. Ulifika huko Februari 21, 1927, baada ya siku 77.

Sehemu kubwa ya njia hiyo ilipita juu ya ardhi ambayo ramani zake zilikuwa na makosa au mapengo. Heim alitazama miamba na mabonde kwa jicho la sayansi, na Mittelholzer akapiga picha za fukwe, vijiji, mashamba na makundi ya wanyama. Kitabu kilichotokana na safari hiyo kilitoka mwaka huohuo wa 1927, na filamu ikafuata.

Tanganyika ilikuwa wakati huo chini ya udhamini wa Uingereza kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa, ambalo makao yake yalikuwa Geneva, nchini kwake Mittelholzer. Serikali ya kikoloni, walowezi na makampuni walikuwa wakiitazama nchi hii kwa maswali ya aina moja: reli ipite wapi, mashamba makubwa yawekwe wapi, wanyama wako wapi. Picha ya angani ilianza kuonekana kuwa njia ya mkato ya kupata majibu.

Mwezi wa milima

Safari iliyomleta Kilimanjaro na Meru ililipiwa na tajiri. Baron Louis von Rothschild, mwenye benki wa Vienna, alitaka kuja kuwinda Afrika Mashariki bila kupoteza majuma mengi baharini. Mittelholzer akawa rubani wake. Waliondoka Ulaya Desemba 1929, wakapitia Misri na Sudan hadi Nairobi, na kuanzia hapo ndege ikatumika kuzunguka nyanda za Serengeti na nchi ya Wamasai.

Arusha ya wakati huo ilikuwa mji mdogo uliozunguka Boma la Wajerumani, lile ambalo leo ni makumbusho. Reli kutoka Moshi ilikuwa imefika mjini Desemba 1929, mwezi uleule ambao msafara wa Mittelholzer ulikuwa njiani kuja. Walowezi wa Kiingereza, Kigiriki, Kijerumani na Makaburu walikuwa na mashamba ya kahawa na mkonge kuzunguka milima, na Wameru na Waarusha wakiishi juu yao, kati ya mashamba hayo na msitu.

Kuupita Kilimanjaro kwa ndege ya mwaka 1930 halikuwa jambo dogo. Kadiri ndege inavyopanda, hewa huwa nyepesi; injini hukosa nguvu, mabawa hushika hewa kidogo, na mtu huanza kuishiwa pumzi na kupoteza umakini. Upepo unaoteremka kutoka kwenye barafu unaweza kuisukuma ndege chini ghafla. Fokker ilitengenezwa kwa ajili ya kubeba abiria kati ya miji, na wala haikukusudiwa kupita juu ya mlima mrefu kuliko yote Afrika.

Hapo ndipo malezi yake ya kijeshi yalipomfaa. Picha zake za Kibo zinaonyesha kingo za kreta, kuta za barafu zilizosimama wima na shimo la majivu lililo katikati, ambalo linabeba jina la mmisionari Richard Reusch. Wapanda mlima walikuwa wamefika kileleni tangu Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipopanda mwaka 1889, lakini mtu aliyesimama ukingoni huona kipande tu. Kutoka angani kilele chote kilionekana kwa mara moja.

Meru ulikuwa na siri ya aina nyingine. Ukiutazama kutoka mjini Arusha, mlima huo wenye mita 4,566 unaonekana kama pia iliyokamilika. Ni kutoka juu, au kutoka upande wa Momella, ndipo mtu anapotambua kwamba ubavu wote wa mashariki haupo. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu huo ulibomoka na kuporomoka hadi nyanda za chini, ukaacha umbo la kwato ya farasi lenye ukuta mrefu wa mawe. Ndani ya kwato hiyo imeota pia ndogo ya majivu, na miongoni mwa mabaki ya poromoko hilo ndimo yalimo maziwa ya Momella. Mlima ulitoa majivu kwa mara ya mwisho mwaka 1910, miaka 20 tu kabla ya Mittelholzer kuupiga picha.

Mtaalamu wa picha za vita angetambua mara moja thamani ya mandhari hiyo. Vivuli vya asubuhi huonyesha kina cha kreta kama vilivyoonyesha kina cha mahandaki kule Ufaransa. Ufundi ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni kilichotafutwa.

Kitabu chake kuhusu safari hiyo kilitoka mwaka 1930, na jina la Kilimanjaro likiwa kwenye jalada. Kwa wasomaji wengi wa Uswisi na Ujerumani, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuitazama theluji ya Kibo kutoka juu.

Kisichoonekana kutoka juu

Pamoja na uzuri wake, picha ya angani ina kasoro ambayo wakazi wa miteremko ya Meru wana sababu ya kuielewa kuliko wengi. Inaonyesha ardhi, lakini haionyeshi mwenyewe. Mpaka wa kihamba, kaburi la babu, mti wa kufanyia mikutano ya wazee na njia ya ng'ombe kwenda majini havisomeki kutoka maelfu ya mita. Bonde linalolishwa mifugo kwa zamu huonekana kama bonde tupu.

Watu nao, wanapotokea katika vitabu vya Mittelholzer, mara nyingi hutokea kama sehemu ya mandhari. Alipotua alipiga picha nyingi za Waafrika, lakini wengi wamebaki bila majina, wakitambulishwa kwa kabila au mavazi. Alikuwa mtu wa zama zake na aliuza vitabu kwa watu wa zama hizo, waliopenda kuamini kwamba Afrika ni nchi ya wanyama, milima na nafasi isiyo na mwenyewe.

Imani hiyo ilikuwa na gharama. Novemba 1951, miaka 21 baada ya ndege yake kupita, serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, kaskazini mwa mlima, ili kuwapa walowezi wa Kizungu ardhi ya ufugaji. Nyumba zilichomwa na mifugo ikapotea. Mwaka 1952, Kirilo Japhet alikwenda New York kuwasilisha malalamiko ya watu wake mbele ya Umoja wa Mataifa, na Kesi ya Ardhi ya Wameru ikawa moja ya hatua za mwanzo za safari ya Tanganyika kuelekea uhuru.

Mittelholzer hakuhusika na uamuzi huo, na alikuwa amekwisha kufariki dunia. Lakini mtazamo uliozaa uamuzi ule, wa kuiangalia nchi kutoka juu na kuigawa kwa rula, ulikuwa ndugu wa karibu wa kamera yake.

Addis Ababa, kabla ya mabomu

Baada ya safari ya Ziwa Chad kati ya mwaka 1930 na 1931, majukumu ya Mittelholzer yaliongezeka. Mwaka 1931 Ad Astra iliungana na kampuni nyingine, Balair, na kuzaliwa shirika la ndege la Swissair. Yeye akawa mkurugenzi wake wa ufundi.

Mwaka 1934 alirudi Afrika Mashariki kwa mara nyingine. Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia alikuwa amenunua ndege aina ya Fokker, na Mittelholzer ndiye aliyeirusha hadi Addis Ababa. Njiani alipiga picha za nyanda za juu za Ethiopia, milima yake yenye vilele bapa, makanisa na mji mkuu wenyewe. Kitabu chake kuhusu safari hiyo kilitoka mwaka huohuo.

Hakuna aliyejua kwamba alikuwa akipiga picha nchi iliyo ukingoni mwa maangamizi. Oktoba 3, 1935, majeshi ya Italia ya Benito Mussolini yaliivamia Ethiopia. Ndege za Italia zilidondosha mabomu ya moto na gesi ya sumu juu ya askari na raia. Mji wa Dessie ulishambuliwa Desemba 6, 1935, na hospitali ya Msalaba Mwekundu wa Sweden huko Malka Dida ilipigwa Desemba 30. Marubani wa Italia walikuwa na kamera. Picha za moshi ukipanda kutoka vijijini zilipelekwa Roma na kutumika kama vielelezo vya ushindi.

Kwa hiyo katika muda wa miaka miwili nchi ile ilipigwa picha kutoka angani kwa makusudi mawili tofauti: mara ya kwanza na mgeni aliyeleta ndege kwa mwaliko wa mfalme, mara ya pili na marubani waliokuja kuharibu. Mtu anayezitazama picha za Mittelholzer za mwaka 1934 leo anaona Ethiopia kama ilivyokuwa kabla ya gesi ya sumu.

Juni 30, 1936, Haile Selassie alisimama mbele ya Shirikisho la Mataifa mjini Geneva na kueleza jinsi gesi hiyo ilivyonyunyizwa kutoka kwenye ndege juu ya watu, mifugo na mito. Dunia ilimsikiliza na haikufanya kitu cha maana.

Kifo milimani

Mittelholzer alikuwa amepona ajali ya ndege, dhoruba za Aktiki, majangwa na hewa nyepesi ya Kibo. Kifo kilimkuta akiwa kwa miguu. Mei 9, 1937 alianguka wakati akipanda mlima katika jimbo la Steiermark nchini Austria. Alikuwa na umri wa miaka 43. Miongoni mwa mipango yake ambayo haikutimia ilikuwa kuuruka Mlima Everest.

Hakuishi kuona matumizi makubwa zaidi ya ufundi wake. Katika Vita Kuu ya Pili, iliyoanza mwaka 1939, miji mingi mikubwa ya Ulaya ilipigwa picha kabla ya kupigwa mabomu, na baada ya mashambulizi ndege za kamera zilirudi kuhesabu mapaa yaliyotoweka. Hata Uswisi iliyojitenga na vita haikuepuka. Aprili 1, 1944, ndege za Marekani zilizopotea njia ziliupiga kwa makosa mji wa Schaffhausen na kuua watu 40.

Ushahidi uliobaki

Maelfu ya picha za Mittelholzer yamehifadhiwa katika maktaba ya chuo kikuu cha ETH mjini Zürich, na nyingi zimewekwa kwenye intaneti ambako mtu yeyote anaweza kuzitazama bila malipo. Zimo za Kilimanjaro na Meru, pamoja na za nyanda zinazoizunguka milima hiyo.

Thamani yake sasa imezidi ile aliyoikusudia. Mwaka 1912, wapimaji wa Kijerumani walipochora ramani ya Kibo, barafu ilifunika takriban kilomita za mraba 12. Kufikia mwaka 2007 zilibaki pungufu ya mbili, yaani asilimia 85 ilikuwa imetoweka. Wataalamu wanahusisha upotevu huo na ongezeko la joto duniani pamoja na kupungua kwa unyevu katika hewa ya mlimani. Mwaka 2022, Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) lilionya kwamba barafu ya Kilimanjaro inatarajiwa kutoweka kabisa ifikapo mwaka 2050.

Picha za Januari 1930 zinaangukia kati ya ramani ile ya 1912 na vipimo vya setilaiti vya siku hizi. Ukiziweka kando ya picha za leo, unafanya kazi ileile iliyofanywa na maofisa wa vita: picha ya kabla na picha ya baada. Safari hii hakuna rubani aliyedondosha bomu, lakini hasara inaonekana kwa macho.

Ipo na faida nyingine kwa wakazi wa Arusha. Picha hizo ni kumbukumbu ya misitu, mito na mashamba kama yalivyokuwa karibu karne moja iliyopita, kabla mji haujapanda mlimani. Shule zetu, vyuo vyetu na Makumbusho ya Elimu Viumbe yaliyomo ndani ya Boma yangeweza kuzitumia kufundishia jiografia na historia ya nyumbani. Wazee wangeweza kuulizwa majina ya mabonde na vijito vinavyoonekana humo, kwani mpiga picha hakuyajua na vioo vyake havikuyaandika.

Kazi hiyo ya kutaja majina haiwezi kufanywa Zürich. Inaweza kufanywa Akeri, Nkoaranga, Poli na Engare Nanyuki, na watu ambao babu zao walikuwa chini siku ile ndege ilipopita.